Majina Kumi na Saba ya Faili la Kijani

Okoth mwanangu,

Majina kumi na saba ya wafanyakazi waliokwenda kwa mshauri wa hospitali yataingizwa kwenye kompyuta Jumatatu, na kila mkuu wa idara atapewa ruhusa ya kuyafungua na kuyasoma. Amesema hayo Mama Risper, karani wa kumbukumbu ambaye unachukua dawati lake, leo Jumamosi saa tano asubuhi hapa soko la Mamboleo. Saa nane mchana msimamizi wa hospitali amenithibitishia kwa simu. Atakayeyaingiza ni wewe.

Sasa ni saa kumi na moja jioni. Umeenda kunyolewa Kondele, na nakujua, ukitoka kwa kinyozi utapitia kwa wenzako kuwaaga. Baba yako yuko uani anafunga godoro lako kwa kamba kana kwamba limepanga kutoroka. Mambo ya chandarua, jiko la gesi na kile kifuko cha dagaa wa omena amesema ni yake, nami nimemwachia. Kesho baada ya ibada mtaondoka, na mbele yake sitaweza kusema ninayotaka kusema, kwa sababu tangu barua yako ya kazi ifike amekuwa mtu wa kuimba bafuni. Kwa hiyo nakuandikia.

Nilikwenda kuonana na Mama Risper kwa ajili ya nyumba. Nilitaka kujua maji yanatoka siku gani na jirani yako ni nani. Tulisimama kando ya mama mmoja muuza nyanya. Akanijibu yote: maji ni Jumanne na Ijumaa, jirani ni mtu wa maabara anayefuga kuku, na mlango wa jikoni lazima uinuliwe kidogo ndipo ufunge. Lakini alikuwa ameshika nyanya moja muda wote huo, anaigeuza na kuigeuza, mpaka mwenye nyanya akachoka.

"Mama, hiyo unanunua ama unaipima presha?"

Tukacheka. Akaiweka chini. Kisha akaniambia, bila kunitazama, "Mama Okoth, huyo kijana wako anaanza na kazi mbaya."

Akanieleza, na mimi nakueleza alivyonieleza. Miaka miwili iliyopita hospitali ilileta mshauri wa wafanyakazi, mzee mmoja mstaafu anayekuja kila Jumatano na kukaa chumba cha nyuma ya duka la dawa. Anayechoka, aliyefiwa, aliyejidunga sindano kwa bahati mbaya kazini, aliyekosea dawa na hawezi kulala kwa kulifikiria kosa lake, anaweza kwenda kwake. Mtu anayekwenda hufunguliwa karatasi, na karatasi hizo ziko katika faili la kijani, katika droo ya chini ya dawati la Mama Risper. Hazikuwahi kuingia kwenye kompyuta. Hayo ndiyo makubaliano ambayo mshauri aliwaambia watu siku ya kwanza, wakiwa wamesimama ukumbini: kinachosemwa kinabaki kwenye karatasi, na karatasi inabaki kwenye droo.

"Mimi walinipa hiyo kazi mwezi wa tatu," akasema. "Nikasema mtandao uko chini. Mwezi wa nne nikasema macho yananisumbua. Mwezi wa tano hawakuniuliza tena. Nikajua wananingoja nistaafu tu."

Nikamuuliza walimwambia nini hasa. Unajua ninavyouliza swali hilo.

"Walisema, hiyo mwachie mgeni. Mgeni hajui sura ya mtu. Yeye ataandika tu."

Nilirudi nyumbani nikala na nyinyi, nikasubiri baba yako alale kidogo, kisha nikampigia msimamizi. Kauli ya mtu mmoja siichukui peke yake hata kama mtu huyo ni mkweli. Alipokea upesi na alikuwa mpole. Aliniita madam. Alikubali kila kitu bila kusukumwa, na hilo silipendi, kwa sababu mtu anayeficha huwa anajua kwamba kuna kosa. Huyu hakuona kosa lolote. Alisema ni kwa faida ya wafanyakazi wenyewe. Mkuu wa idara anapaswa kujua nani yuko sawa na nani hayuko sawa kabla hajampanga chumba cha upasuaji au chumba cha kujifungulia. Nikamuuliza kama hao kumi na saba wameambiwa. Akasema watajulishwa kwa wakati unaofaa. Nimeandika maneno hayo magazetini kwa miaka ishirini na sita, yakisemwa na watu mbalimbali, na sikumbuki hata mara moja wakati huo ukifika kabla ya jambo lenyewe.

Kisha akaniuliza, "Sasa madam, unauliza kama mwandishi ama kama mzazi?"

Nikasema kama mzazi.

Akacheka kidogo. "Basi hatuna shida. Mwambie kijana tunamngoja kwa hamu."

Hakuna ubaya katika sentensi hiyo. Nimeiandika kwenye daftari langu pamoja na saa, na kila nikipita mezani naisoma.

Sitaki ufike huko ukimtafuta mtu mbaya. Wengi niliowahoji baada ya mambo kuharibika walikuwa watu wa kawaida, wenye meza safi, walioamini wanasaidia. Mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wao, na sasa nifike hapo.

Ulikuwa darasa la pili. Katika hospitali moja ya hapa ufuoni mwa ziwa, jina nitaliacha, kulikuwa na muuguzi mkuu aliyeitwa Sista Consolata. Wauguzi wa zamu ya usiku walikuwa na desturi ya kunywa chai pamoja kabla ya kurudi nyumbani, katika chumba kidogo kando ya dobi. Humo mlikuwa na daftari la shule lililofunikwa karatasi ya kaki, na kalamu imefungwa kwa uzi. Lilianza kama daftari la sukari, la kuandika nani analeta lini. Siku moja Sista Consolata akakuta chini ya orodha ya sukari mtu ameandika: leo sioni kama nitarudi. Hakuuliza nani. Aliutambua mwandiko, akaenda akabadilisha ratiba ya zamu, huyo mtu akapata siku nne za kulala. Hakutangaza lolote. Lakini wenzake waliona.

Tangu hapo daftari likawa na kazi mbili. Mbele sukari, nyuma watu. Hakuna aliyeandika jina. Alhamisi Sista Consolata alisoma, Ijumaa ratiba ilibadilika. Hata mtu akijidunga sindano alianza kuandika pale, kwa sababu fomu rasmi ilitaka sahihi za watu watatu, na dawa za kinga dhidi ya virusi vya Ukimwi alipaswa kuzifuata kwenye foleni moja na wagonjwa aliowahudumia jana. Dawa hizo lazima zianzwe ndani ya siku tatu, wewe unajua kuliko mimi. Kwa hiyo kila asubuhi Sista Consolata alitafuta nyuma ya daftari neno moja tu, nimejidunga, na likiwepo alizichukua dawa mwenyewe na kumpelekea mtu wake pamoja na kikombe cha chai, kana kwamba ni chai tu.

Nilikuwa natayarisha habari kuhusu uchovu wa wauguzi. Nilimwendea mara nne kabla hajaniamini. Mara ya nne alinipa daftari, akaketi mbele yangu nikisoma, na akanipa sharti moja. "Andika shida," akasema. "Watu waache."

Nikakubali, na nilidhani nimelitimiza. Katika kurasa zile kulikuwa na sentensi moja ambayo mwandishi yeyote angeitaka: Saa tisa nilishtuka nimeshika bomba la sindano, sijui nimelala dakika ngapi, na mtoto alikuwa ananiangalia. Niliinakili neno kwa neno. Nilijivunia hilo, kutopunguza wala kuongeza. Jina sikulijua na sikulitafuta. Niliandika tu kwamba ni maneno ya muuguzi wa zamu ya usiku katika chumba cha watoto waliozaliwa kabla ya siku zao.

Chumba hicho kilikuwa na wauguzi wawili wa usiku. Mmoja alikuwa likizo ya uzazi.

Sikuuliza wako wangapi. Niliuliza kuhusu mishahara, kuhusu vitanda, kuhusu glavu. Niliuliza hata dirisha lilivunjika lini. Hilo moja sikuuliza.

Gazeti lilitoka Jumanne. Jumatano asubuhi muuguzi huyo, aliyeitwa Adhiambo, aliitwa ofisini, akakuta gazeti na daftari la chai vimewekwa sambamba mezani. Alipewa barua ya onyo, akahamishiwa kwenye stoo ya mashuka. Hilo angelivumilia. Ila wazazi nao walisoma gazeti, na wazazi nao wanajua kuhesabu. Mama mmoja alimfuata mpaka kwenye stendi ya bodaboda akimuuliza mbele ya watu kama ni mtoto wake ndiye aliyekuwa akimhudumia alipopitiwa na usingizi. Mwezi haukuisha, akaacha kazi.

Nilikwenda kwake kuomba radhi. Hakunikaribisha ndani, lakini hakunifukuza. Alisimama na mkono kwenye lango, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Dada, ulininukuu vizuri. Hukuongeza neno."

Sijawahi kusikia lawama nzito kuliko hiyo, na nimetukanwa na watu wanaojua kutukana.

Kosa hilo la kwanza labda ningelieleza kwa haraka ya kazi. La pili sina la kulielezea. Daftari halikuondolewa. Lilirudishwa chumba cha chai na kalamu yake na uzi wake. Sista Consolata aliendelea kulifungua kila asubuhi, na kila asubuhi upande wa nyuma ulikuwa mweupe. Upande wa sukari uliendelea kama kawaida. Baada ya miezi mitatu hospitali ilitoa taarifa kwamba hatua zimechukuliwa na manung'uniko ya wafanyakazi yamekwisha. Walinitumia nakala. Nami nikaandika aya mbili: manung'uniko yamekwisha. Nililiamini hilo, kwa sababu palikuwa na karatasi ya kulithibitisha, ule upande wa nyuma wa daftari, na karatasi hiyo ilikuwa tupu.

Ulipoingia darasa la sita ndipo nikakutana na Nafula. Nilikuwa nimepita soko la Kombewa, natafuta sweta yako ya shule, na mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza mitumba akaniita kwa jina. Alisema alikuwa muuguzi katika hospitali ile wakati ule. Alikuwa ametoka Vihiga akiwa msichana kuja kufanya kazi kwetu huku, na Kiswahili chake bado kilikuwa cha kwao. Aliniomba niketi kwenye bando la nguo.

Alijidunga wiki tano baada ya gazeti langu, alfajiri, akimtoa mgonjwa damu. Alimaliza zamu. Alikwenda chumba cha chai na wenzake, na walipotoka yeye akabaki nyuma.

"Nilishika hiyo kalamu," akasema. "Nikaangalia ule ukurasa mweupe. Nikajiambia, Nafula, ukiandika leo, wewe ndio utakuwa wa kwanza tangu Adhiambo. Nikarudisha kalamu. Nikanywa chai, nikaenda nyumbani."

Siku ya nne alipata ujasiri wa kwenda kwenye foleni, na siku ya nne ilikuwa imechelewa. Anameza dawa zake kila siku, ana afya, na watoto wake wawili ni wazima. Uuguzi aliuacha mwenyewe, kwa sababu foleni aliyokuwa akiiogopa ndiyo aliyotakiwa kuipanga kila mwezi mbele ya wenzake. Nilimuuliza kwa nini ananiambia mimi. Alikunja shati alilokuwa nalo, akalikunjua, akalikunja tena.

"Sikulaumu. Lakini wewe ndio huandika, nikaona afadhali ujue iliishaje." Kisha akanitazama kwa uso wa sokoni. "Sasa nunua kitu. Usinikalie tu hapo kama askari wa kaunti."

Sweta ya bluu uliyovaa mwaka ule ilitoka kwake. Habari yake sikuiandika, na mpaka leo nilikuwa sijamwambia mtu.

Utaniuliza yote hayo yanakuhusu nini wewe, mtu wa takwimu, ambaye hutaandika gazetini. Yanakuhusu kwa sababu unapenda jedwali safi. Ulipokuwa mdogo ulipanga vifuniko vya soda kwa rangi, na mtu akikuvurugia kimoja hukula. Ndiyo maana utaifanya kazi hii vizuri, na ndiyo maana nina hofu. Katika jedwali, sifuri inapendeza. Hakuna anayemwita karani ofisini kumuuliza kuhusu sifuri. Lakini mimi nimeona sifuri mbili. Kuna ile ya mahali ambapo hakuna shida, na kuna ile ya mahali ambapo watu wameshika kalamu na kuirudisha. Kwenye kompyuta zinafanana kabisa. Ili kuzitofautisha itakubidi uinuke kwenye kiti, uende ukanywe chai na watu.

Na utaambiwa kwamba majina si lazima yaonekane, kwamba utaandika idadi tu kwa kila idara. Hilo ni jema, na nadhani ndilo jibu la kuwapa, kwa sababu msimamizi akitaka kweli kujua wapi watu wamechoka, idadi inamtosha. Ila hesabu kwanza idara ina watu wangapi. Mama Risper ameniambia kitengo cha eksirei kina watu wawili. Ukiandika eksirei, mmoja, basi umeandika jina. Umemwachia msomaji kazi ya dakika mbili, kama nilivyowaachia mimi.

Kuna jambo ambalo nilikuwa nisiliandike. Mwaka ule wa mafuriko, ulipokuwa kidato cha kwanza, nilikaa siku tisa na watu waliokuwa wakitafuta miili ya jamaa zao kwenye matope. Niliporudi, ofisi yetu ilinipa mshauri. Nikauliza ni nani atakayesoma anayoyaandika mshauri huyo. Wakasema ni mkubwa wangu tu, kwa ajili ya kupanga kazi. Sikwenda. Nilijibu kwamba niko sawa, wakaandika kwamba niko sawa. Miezi iliyofuata niligomba kwa sababu ya kijiko, kwa sababu ya redio, kwa sababu ya wewe kupumua kwa sauti ukisoma. Ulijifunza kusikiliza ninavyoweka funguo mezani ndipo uamue kutoka chumbani au kubaki. Niliona ulivyojifunza, na sikusema kitu. Kwa hiyo ninaposema juu ya hao kumi na saba sisemi juu ya watu wengine. Nyumbani kwa kila mmoja wao kuna mtu anayesikiliza funguo.

Na wewe pia utahitaji chumba kile cha nyuma ya duka la dawa. Karani hashiki sindano, lakini kila kinachotokea wodini kinapita mbele yake kikiwa na tarehe na saa. Utasoma mambo ukiwa peke yako, kabla hata hujala. Fikiria kama utakubali kwenda kwa mshauri ukijua karatasi yako itasomwa na mkuu wako. Mimi nilikwisha kulijibu swali hilo, na gharama ya jibu langu uliilipa wewe.

Sasa upande wa pili, kwa sababu nisipouandika nitakuwa nimekudanganya. Umeajiriwa kwa majaribio ya miezi sita. Atakayesaini uendelee au usiendelee ni msimamizi huyo huyo. Umekaa nyumbani miaka miwili na cheti chako, ukichapa barua za watu pale stendi, na najua unavyosema ukiulizwa unafanya kazi gani. Baba yako ameshawaambia watu wa kanisani. Ukikataa siku ya kwanza, anaweza kukurudisha kabla godoro halijafunguliwa kamba, na ataandika sababu ambayo haitataja faili lolote. Itakuwa jambo kama kutoshirikiana na wenzako. Mwajiri mwingine ataisoma sababu hiyo na kuiamini, kwa kuwa iko kwenye karatasi.

Mimi sitaandika habari hii. Nimefikiria tangu saa nane. Ningeiandika leo, Jumatatu wangejua imetoka wapi, na swali la kwanza lingekuwa ni nani kati ya hao kumi na saba aliyesema. Sitampigia tena msimamizi. Nimekuwekea nakala ya sheria ya kulinda data kwenye bahasha ya vyeti vyako, na nimepiga mstari sehemu inayotaja taarifa za afya. Usiingie ukiipunga. Mtu akikuagiza kuyaingiza, mwombe kwa upole akuandikie agizo hilo na aweke sahihi. Nimeona maagizo mengi yakikosa mwenyewe pale kalamu inapotolewa. Si yote. Mengine yalisainiwa mbele yangu kwa tabasamu.

Nimebakiza mambo matatu aliyoniambia Mama Risper tukiwa tunaagana. Niliyaacha mpaka sasa kwa sababu nilitaka kwanza ujue mengine.

La kwanza. Wiki iliyopita alikuta kitasa cha droo ya chini kimekwaruzwa, na kilichokikwaruza ni kitu cha chuma. Faili lilikuwemo. Hajui kama lilisomwa.

La pili. Jumatano mshauri alikaa chumbani kwake tangu asubuhi mpaka saa saba, na hakuna aliyekuja. Jumatano ya kabla yake walikuja wawili. Hakuna aliyetangaza lolote kuhusu kompyuta, Okoth. Watu wameshajua. Sifuri ya kwanza imeshaandikwa kabla hujafika, na ripoti ya mwezi ukiitayarisha utaiona, na itaonekana nzuri.

La tatu nililiuliza mwenyewe. Nilimuuliza kwa nini amehangaika hivyo, mtu anayeondoka na heshima zake, ambaye angeweza kuwaachia wenyewe. Alikuwa ameshanunua nyanya, mfuko uko mkononi. Hakunitajia jina la mtu yeyote katika lile faili ila moja.

"La kwanza ni langu," akasema. "Mshauri alikaa wiki tano hakuna mtu. Nikasema mimi ni mzee, nitaogopa nini. Nikaenda mchana, nikapita katikati ya uwanja kila mtu akiniona. Ndio wengine wakaanza kuja."

Nikamwambia kwamba yeye basi hana la kuogopa tena, anastaafu.

"Mimi sina. Hao kumi na sita ndio nimewaleta mimi."

Nimesikia baba yako akikuita langoni, kwa hiyo umerudi mapema kuliko nilivyodhani. Barua hii naiweka kwenye bahasha ya vyeti, pamoja na ile sheria. Sikuambii ufanye nini. Ungekuwa mwandishi ningekuambia. Wewe ni mwanangu na mshahara ni wako na jina ni lako, na mimi nilipopewa daftari la watu sikulilinda.

Jumatatu Mama Risper atafika saa moja na nusu asubuhi kukukabidhi ufunguo wa droo. Uko mmoja, hauna nakala. Kikao chako na msimamizi na wakuu wa idara kinaanza saa mbili.

Mama